Mzuka Anataka Nini? Filamu za Kutisha za Nchi Mbalimbali Zikipimwa kwa Swali Moja

Kwetu Tanga, pepo akimpanda mtu kichwani, watu hawakimbii. Wazee humkalia mgonjwa, ubani hufukizwa, na mwenye kuijua kazi hiyo huuliza maswali mawili kabla ya jambo jingine lolote: wewe ni nani, na unataka nini? Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipoyasikia maswali hayo kwa mara ya kwanza, nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia la mlango wa chumba cha shangazi yangu, na ninachokikumbuka zaidi si sauti ya pepo bali upole wa muulizaji. Alizungumza kama mtu anayempokea mgeni aliyefika usiku bila taarifa. Pepo akajitaja, akadai halwa, marashi na kanga nyekundu, akaahidiwa, na mgonjwa, ambaye kwa lugha ya kazi hiyo huitwa kiti, akalegea akalala usingizi mzito.

Maswali hayo ndiyo niliyoyatumia kuzipima filamu za kutisha nilizozitazama, nyingine kwa mara ya pili au ya tatu, katika miezi miwili iliyopita. Sikutaka kupima wingi wa damu wala idadi ya mishtuko. Filamu yoyote yenye marehemu, jini au shetani ndani yake hailikwepi swali hili: huyu anayekuja anataka nini, je, kitu hicho kinaweza kutolewa, na akishakipata ataondoka? Majibu hutofautiana mno kutoka nchi hadi nchi, na kwa maoni yangu tofauti hiyo huitambulisha mitindo kuliko rangi ya picha au mwendo wa kamera. Msomaji ajue mapema kwamba nitafichua miisho ya filamu kadhaa, kwa kuwa jibu hukaa mwishoni karibu kila mara.

Naanza na Japani, kwa sababu kuna hadithi moja ya huko iliyotengenezwa na nchi mbili, na mizani bora kuliko hiyo sijaiona. “Ringu” ya mwongozaji Hideo Nakata ilitoka mwaka 1998, ikitokana na riwaya ya Koji Suzuki. “The Ring” ya Gore Verbinski ilitoka Marekani mwaka 2002. Katika zote mbili kuna mkanda wa video ambao kila anayeutazama hupigiwa simu, na siku saba zikitimia hufa. Katika zote mbili mwandishi wa habari mwanamke, mama wa mtoto mmoja, anautazama mkanda huo, kisha anahangaika kutafuta chanzo chake huku siku zake zikiyoyoma, mpaka anafika kwenye kisima ambamo binti alitupwa.

Binti wa Kijapani anaitwa Sadako. Amevaa nguo nyeupe, na nywele zake nyeusi zimeufunika uso wote. Mavazi hayo hayakubuniwa na Nakata. Wajapani walikuwa wakiwazika wafu wao katika vazi jeupe, na mizuka ya kike yenye nywele zilizotimka ilishazoeleka katika michoro na katika tamthilia zao za kabuki. Oiwa, mke aliyesalitiwa na mumewe, alipanda jukwaani mwaka 1825 na hajashuka mpaka leo. Yuko pia Okiku, mtumishi ambaye sauti yake husikika kisimani ikihesabu sahani moja hadi tisa, kwa maana ya kumi haipo. Mtazamaji wa Kijapani anapokiona kisima na nywele zile, tayari anamjua anayekuja: ni mwanamke aliyedhulumiwa, akafa na kinyongo. Sisi ambao hatukulelewa na Okiku tunafika mikono mitupu, na bado tunaogopa, kwa kuwa vazi lile jeupe halihitaji mkalimani mahali ambapo wafu huvishwa sanda.

Sehemu ninayoiona kuwa kiini cha filamu hiyo ni ya kisimani. Reiko, yule mwandishi wa habari, amesimama ndani ya maji machafu yanayomfika kiunoni, akijaza ndoo baada ya ndoo ili aliyekuwa mumewe azivute juu. Amechoka, mikono inatetemeka, saa yake ya kufa inakaribia. Mwishowe vidole vyake vinashika nywele, kisha fuvu linaibuka, naye badala ya kupiga kelele analikumbatia kifuani kama mtoto aliyepotea akaonekana. Saa inapita. Hafi. Kwa mtazamaji wa pwani mambo yamekwisha: marehemu amepatikana, atazikwa, kinyongo kimeondoka. Kila alichofundishwa kuhusu haki za wafu kinamwambia kwamba anaweza kupumua.

Kesho yake mwanamume yule ameketi kwenye meza yake ya kazi. Runinga inajiwasha. Kisima kinaonekana, mtu anatoka ndani yake, anatembea kwa hatua za kuvunjikavunjika, anafika mbele ya kioo, kisha anakipita na kutambaa sakafuni. Mwigizaji Rie Inō alitembea kinyumenyume, na picha ikaonyeshwa kwa kugeuzwa, ndiyo maana mwili ule unasogea mbele kana kwamba kila kiungo kinavutwa na mtu mwingine. Uso hatuuoni. Tunaona jicho moja tu. Hapo ndipo Reiko anapoelewa kwamba hakuokolewa na huruma yake. Aliokolewa kwa sababu alikuwa ameunakili mkanda na kumwonyesha mtu mwingine. Sadako hataki kaburi, hataki dua, hata haki hataki. Anataka kuenea. Ombi la namna hiyo halina halwa wala kanga ya kulikidhi, na filamu inafungwa huku mama akiendesha gari kwenda kwa baba yake mzazi, kwa kuwa lazima apatikane mtu wa kuutazama mkanda ili mtoto apone. Sijui mwisho wa filamu ulionikosesha raha kuliko huo.

Filamu ya Kimarekani ina fedha nyingi zaidi na inaonyesha hivyo kila dakika. Picha zake zimezama katika rangi ya kijani iliyofifia, mvua ya Seattle haikatiki, na Naomi Watts anacheza kwa uzito unaostahili. Kuna tukio ambalo halimo katika ile ya Kijapani nami nalisifu bila kusita: farasi aliyefungiwa ndani ya kivuko anashtushwa na harufu ya mauti aliyoibeba yule mwanamke, anavunja kizuizi, anakimbia kati ya magari na kujirusha baharini. Wanyama huona tusiyoyaona. Jambo hilo linaaminika Tanga kama linavyoaminika Washington, na mwongozaji ameliweka mahali pake.

Kasoro yake ni kueleza kupita kiasi. Nakata hasemi kwa nini ni siku saba. Verbinski anatuambia kwamba hizo ndizo siku ambazo binti alikaa hai kisimani. Nakata anaficha uso. Verbinski anauonyesha, na uso ukishaonekana huwa kazi ya wapambaji, unaweza kuusifu, lakini huuogopi tena. Hata mshangao wa mwisho umepewa msemaji, kwani mtoto anamuuliza mama yake kwa nini amemsaidia yule binti. Swali hilo ni zuri na linashtua. Hata hivyo, katika filamu ya Kijapani hakuna anayemwambia Reiko. Analigundua mwenyewe akiwa peke yake chumbani, na upweke huo ndio unaotisha. “Ringu” huchukua takriban dakika 95, na “The Ring” dakika 115. Tofauti hiyo ya dakika 20, kwa kadiri nilivyoona, karibu yote ni maelezo.

Lazima nikiri kwamba mara ya kwanza sikuiona “Ringu” ilivyotengenezwa. Niliiona katika kibanda umiza, benchi la mbao, kipaza sauti kimefungwa kwenye nguzo, ikiwa imetafsiriwa na msimuliaji aliyeongea juu ya picha mwanzo hadi mwisho. Kazi ya watafsiri hao naiheshimu. Ni sanaa inayosimama kwa miguu yake, na nchini Kenya DJ Afro amejijengea jina kubwa kwayo. Filamu ya mapigano hunoga zaidi mdomoni mwao. Filamu ya Kijapani ya kutisha, kinyume chake, imejengwa kwa kimya: chumba kitupu, mlio wa simu, kisha hakuna kitu kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Msimuliaji wetu aliona kimya kile kama shimo la kufukiwa, akakijaza kwa maneno, na watu wakacheka mahali ambapo Nakata alitaka wasithubutu kuvuta pumzi. Anayetaka kuijua filamu hii aitazame kwa sauti yake ya asili, asome maandishi ya tafsiri chini ya picha, na azime feni ikiwa joto linamruhusu.

Marekani ina jibu jingine, la zamani zaidi, katika “The Exorcist” ya William Friedkin ya mwaka 1973. Hapa anayeingia si marehemu bali shetani, na aliyepandwa ni binti wa miaka 12. Nilipoitazama safari hii nikiwa na maswali ya shangazi kichwani, niliona jambo ambalo lilikuwa limenipita miaka yote. Padri mzee, Merrin, kabla ya kuingia chumbani anamwonya mwenzake kijana, Karras, asifanye mazungumzo na shetani zaidi ya yale ya lazima, kwa kuwa ni mwongo anayechanganya uongo na ukweli ili kuwashambulia. Kwetu mazungumzo ndiyo tiba; kwao mazungumzo ndiyo mtego. Filamu nzima imesimama juu ya katazo hilo: kitanda kinatikisika, pumzi za waigizaji zinaonekana kama moshi kwa sababu chumba kilipozwa kwa mitambo kweli kweli, sala zinarudiwa, na hakuna anayeuliza mgeni anataka nini. Ndipo mwishoni, Merrin akiwa amekufa, Karras anavunja katazo kwa njia ya kutisha: anamkamata shetani na kumwamuru aingie kwake. Anajigeuza kiti kwa hiari yake, kisha anajirusha dirishani. Kwa mtu aliyekulia penye uganga wa pepo, tendo hilo linaeleweka mpaka ndani ya mifupa, na nadhani linatuuma sisi kuliko linavyowauma wengi waliolipia tiketi mwaka ule.

Nina lalamiko moja juu yake. Filamu inaanza kaskazini mwa Iraki, jua likiwa jekundu juu ya machimbo ya mambo ya kale, na sauti ya kwanza kusikika huko ni adhana. Kwa mtazamaji ambaye sauti hiyo humwamsha alfajiri kila siku, haimtii hofu hata chembe, inamtuliza. Mwongozaji ameitumia kama dalili ya ugeni na hatari, na kwa kufanya hivyo amewapoteza mamilioni ya watazamaji kwa dakika zile za mwanzo ambazo alizihitaji sana.

Italia naipita haraka, si kwa dharau. “Suspiria” ya Dario Argento ya mwaka 1977, yenye shule ya baleti iliyojaa wachawi, taa nyekundu na bluu kali kama juisi ya unga, na muziki wa kundi la Goblin unaonong’ona na kugonga, haijali hata kidogo mchawi anataka nini. Ni filamu ya macho na masikio. Nimeifurahia kama mtu anavyofurahia ngoma iliyopigwa vizuri, na usiku ule nililala bila wasiwasi.

India inahitaji maneno zaidi kidogo, kwa kuwa filamu za Kihindi zimekuwa chakula cha kila siku katika kumbi za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa kwa vizazi vingi. Ndugu wa ukoo wa Ramsay walizitengeneza filamu za kutisha kwa bei nafuu, na “Purana Mandir” ya mwaka 1984 ndiyo inayokumbukwa zaidi: shetani Saamri aliyekatwa kichwa, kichwa na kiwiliwili vikatenganishwa, na laana yake ikiwafuata mabinti wa ukoo wa mfalme wanapojifungua. Katikati zipo nyimbo, mapenzi na vichekesho. Anayetaka hofu isiyokatizwa ataona kwamba mkate umewekwa sukari mahali pa chumvi, lakini anayejua kwamba familia nzima ililipa kiingilio, na kwamba bibi alitaka wimbo kama kijana alivyotaka shetani, ataielewa hesabu yake. Filamu ya Kihindi ninayoiheshimu kwa dhati ni “Tumbbad” ya mwaka 2018. Mvua inanyesha karibu kila picha. Chini ya ngome ya zamani yumo Hastar, mwenye dhahabu isiyokwisha, na anachotaka kinajulikana wazi: unga. Ana njaa. Binadamu wanashuka wakiwa na mwanasesere wa unga uliokandwa, wanamrushia, na wakati anakula wanamwibia sarafu. Hapa swali la shangazi limejibiwa mwanzoni kabisa na kila mtu analijua jibu; hofu inatoka kwa mwanadamu ambaye, akishajua pepo anakula nini, anataka kugeuza elimu hiyo kuwa biashara.

Tamaa hiyohiyo ndiyo iliyoijenga Nigeria. “Living in Bondage”, iliyotoka kwa mkanda wa video mwaka 1992 kwa lugha ya Kiigbo chini ya mfanyabiashara Kenneth Nnebue, inatajwa daima panapoelezwa kuzaliwa kwa soko kubwa la filamu la nchi hiyo. Andy anataka utajiri, anaingizwa katika kundi la siri, na kundi linadai amtoe mtu anayempenda kuliko wote, yaani mkewe Merit. Anamtoa. Mali inakuja, na Merit naye anakuja. Picha ni hafifu, sauti inapanda na kushuka, na mazungumzo ni marefu. Anayetafuta ufundi wa Nakata hataupata. Atakachokipata ni mzuka mwenye madai halali kuliko wote niliowataja, ambaye kila mtazamaji katika chumba yuko upande wake. Suluhisho ni kukiri na kuombewa kanisani, na wapo wanaolicheka suluhisho hilo. Mimi silicheki. Filamu inaamini inachokisema, na imani hiyo ilivuka mipaka. Dar es Salaam, katika miaka ya mwanzo ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza “Nsyuka” na “Shumileta”, ambazo zinaonyesha wazi jinsi mtindo wa Nigeria ulivyopokelewa na kuvishwa nguo za hapa. Ninasikitika kwamba njia hiyo haikuendelezwa kwa bidii iliyostahili, maana hazina yetu ya hadithi za aina hiyo haijaguswa hata robo.

Filamu ya “Get Out” ya Jordan Peele ya mwaka 2017 ingeweza kuachwa nje ya kipimo hiki, kwa sababu haina mzuka. Nimeiingiza kwa sababu inaanza kwa kutuita sisi. Miti inapita dirishani mwa gari, majina ya waigizaji yanaonekana, na kwaya inaimba kwa Kiswahili. Wimbo huo, uliotungwa na Michael Abels, unaitwa “Sikiliza kwa Wahenga”, na unamwambia ndugu asikilize na akimbie. Mtazamaji wa Chicago anasikia sauti za Kiafrika zinazomsisimua asijue zinasema nini. Mtazamaji wa Tanga au wa Bujumbura amekwisha kuonywa kabla mhusika mkuu hajafungasha begi. Sijawahi, katika filamu yoyote ya nchi ile, kuwekwa mbele ya watazamaji wengine namna hiyo, na nilipoisikia kwa mara ya kwanza niliisimamisha filamu nikairudisha nyuma ili nihakikishe masikio yangu.

Onyo hilo lina haki yake. Chris, kijana mweusi anayekwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake mzungu, anagundua kwamba familia ile huhamisha akili za wazee wao na kuziingiza katika miili ya watu weusi. Neno la kazi hiyo tunalo: wanamtaka awe kiti. Tofauti ni kwamba pepo wa kwetu hupanda na kushuka, huomba na huaga, ilhali hawa wanakuja kukaa daima na mwenye mwili anabaki ndani, akitazama kutoka mbali kama mtu aliyezama. Wazee wetu walikuwa na hadithi iliyo karibu sana na hii. Wakati wa ukoloni watu wa pwani walisimuliana habari za mumiani, watu waliodaiwa kutumwa kukamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa, na magari ya zimamoto yalipopita watoto walijificha. Peele hakuhitaji kuijua hadithi ya mumiani ili kuitengeneza filamu yake. Hofu ya mwili wako kutumiwa na mwenye nguvu huzaliwa yenyewe popote palipo na hali hiyo. Kwa ufundi wa uandishi, ambao ulimpatia Peele tuzo ya Oscar mwaka 2018, hii ndiyo filamu iliyofumwa vizuri kuliko zote nilizozijadili: kikombe cha chai kinachokorogwa kwa kijiko, sauti ile ndogo ya chuma na udongo, itakutosha kukunja vidole vya miguu.

Zimebaki mbili ambazo zinatuhusu kwa ukaribu zaidi, kwa kuwa ndani yake wamo majini na sanda.

“Under the Shadow” ya Babak Anvari ya mwaka 2016 inazungumza Kiajemi na inasimulia Tehran ya mwaka 1988, wakati makombora ya Iraki yalipokuwa yakiupiga mji. Shideh, mwanamke aliyezuiwa kurudi chuo cha udaktari kwa sababu ya siasa za ujana wake, amebaki nyumbani na binti yake Dorsa baada ya mumewe kupelekwa vitani. Kombora linatua juu ya jengo lao bila kulipuka. Tangu siku hiyo mwanasesere wa Dorsa haonekani, na jirani anasema kwamba majini husafiri na upepo, na kwamba wakichukua kitu unachokipenda hawakuachi tena. Mtazamaji wa Kizungu anaelezwa jambo hilo kama habari mpya. Kwetu limo ndani ya lugha yenyewe: pepo na upepo ni neno moja lenye nguo mbili, na mtu aliyepandwa tunaweza kusema ana upepo. Nilihisi kwamba filamu inaongea na mimi bila kupitia kwa mtu.

Jini wa filamu hii anataka mtoto, na anamwahidi kwamba atakuwa mama bora kuliko mama yake. Dai hilo linamchoma Shideh mahali penye kidonda, kwa sababu dunia yote imekwisha kumwambia kwamba hatoshi. Anvari haonyeshi mengi. Utepe wa gundi umebandikwa kwenye vioo vya madirisha ili visirushe vipande bomu likianguka. Ufa wa dari unazibwa kwa utepe huohuo. Kisha kitambaa cha chador, vazi la kujifunika la wanawake wa Iran, kinapepea mahali pasipokuwa na mtu. Tukio lililonibana koo ni lile ambalo Shideh anakimbia usiku akiwa na mtoto mikononi, bila kujifunika kichwa, kwa kuwa amemwona jini ndani ya nyumba. Walinzi wanamkamata kwa kosa la mavazi na kumkaripia, kisha anarudishwa kulekule alikokimbia. Kati ya jini na serikali hakuna mlango wa tatu. Filamu inachukua dakika 84, haipotezi hata moja, na inamfaa hata yule asiyependa filamu za kutisha.

Nimeiweka mwisho “Pengabdi Setan” ya Indonesia, na ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote kwa msomaji wa pwani. Zipo mbili. Ya kwanza, ya Sisworo Gautama Putra, ni ya mwaka 1980. Ya pili, ya Joko Anwar, ni ya mwaka 2017, na zaidi ya watu milioni 4 waliingia kumbini kuitazama Indonesia. Zikitazamwa kwa kufuatana zinaeleza historia ya hofu ya nchi nzima. Katika ile ya zamani, familia ya mjini iliyosahau sala inaandamwa na mama aliyefariki, na mwishoni mwanazuoni anafika na wafuasi wake, dua zinasomwa, shetani anashindwa. Katika ile mpya ustadhi yupo pia, ana busara na upole, lakini anafiwa na mwanawe, moyo unavunjika, na familia inapomkimbilia anakuwa hana cha kuwapa. Joko Anwar hadharau dini. Anaonyesha kwamba mwenye kutegemewa naye ni mtu anayefiwa. Kuna tukio ambalo binti mkubwa, Rini, anasali usiku akiwa amejifunika vazi lake la sala, na kitu kinakuja wakati bado yuko kwenye mswala. Sijui niseme nini kumweleza asiyesali kwa nini tukio hilo ni zito. Mahali pale ndipo palipobaki salama, na filamu inapavamia.

Mama wa familia hiyo, alipokuwa hai, alikuwa mwimbaji. Ameugua kitandani miaka mitatu, hawezi kusema, na huwaita watoto kwa kengele ndogo. Anakufa, anazikwa, na kengele inalia. Ndani ya nyumba kuna kisima, kama cha Sadako, na bibi yao anakutwa humo. Anachokitaka mama kinafichuliwa polepole: alifanya maagano ili apate watoto, na mdogo wao akitimiza miaka saba atachukuliwa. Deni limeandikwa, tarehe imefika, na mdeni ameshakufa. Hapa kuna yote tuliyoyaona kwingine, kisima cha Japani, maagano ya Nigeria, jini wa Iran anayedai mtoto, lakini vimekusanyika katika nyumba yenye mswala, kuta za rangi iliyobabuka na makaburi ya Kiislamu mbele ya dirisha.

Nilimkaribisha mama yangu tuitazame pamoja, sauti ikiwa juu na taa ya varanda ikiwaka kwa ombi lake. Alinyamaza muda wote. Kuelekea mwisho maiti wanasimama nje ya nyumba, wengi, wamefungwa ndani ya sanda zao kuanzia kichwani hadi miguuni, wale ambao Waindonesia huwaita pocong, na ambao inaaminika huzunguka kwa sababu mafundo ya sanda hayakufunguliwa kaburini. Mama aliinuka akasogea karibu na kioo, akawaangalia mmoja mmoja.

“Mwanangu,” akaniuliza, “hawa ni nani aliyeshuka kuwapokea, asiwafungulie?”